Momenta Iliyozidi

Kikao cha nidhamu kilipangwa kuanza saa tisa kamili alasiri. Ilipotimia saa nne asubuhi, Bi Desimali alikuwa ameinama juu ya meza namba mbili ya maabara ya fizikia, karatasi tano zimepangwa mbele yake kama karata, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

Jina la Desimali hakupewa na wazazi wake. Alipachikwa na wenzake wa idara ya uchunguzi wa mitihani, kwa sababu katika miaka kumi na minane ya kazi hiyo hakuwahi kukubali kukadiria kitu. Ukimwambia "kama saa mbili hivi", atakuuliza ni saa mbili na dakika ngapi. Wenzake walimcheka, naye aliwaacha wacheke, maana walipokwama walikuwa wakibisha hodi mlangoni kwake.

Karatasi tano zilikuwa za watahiniwa watano, na wote walifanya jaribio lile lile, kwenye meza ile ile, kwa zamu. Vilitolewa vigari viwili, kimoja chekundu na kingine cha buluu, juu ya reli nyembamba yenye urefu wa mita mbili. Mtahiniwa anasukuma kigari kimoja kwa springi, kinakwenda kukigonga kingine kilichosimama. Mbele ya chekundu pana pini, mbele ya buluu pana kizibo, hivyo vikigongana hushikana na kwenda pamoja kama maharusi. Saa ya umeme yenye macho mawili husoma kasi kabla ya mgongano na baada yake. Kinachobaki ni hesabu tu: zidisha uzito kwa kasi, upate momenta. Momenta ya kabla na momenta ya baada ziwe sawa, au zikaribiane sana.

Kwa watahiniwa wanne zilikuwa sawa kama pacha. Kwa wa tano zilikuwa zimepishana vibaya, na huyo wa tano ndiye aliyeandikiwa barua ya kufukuzwa chuo kwa kosa la kubuni takwimu. Barua ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Ilikosa sahihi tu.

Mhadhiri wa somo, mtu mrefu aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe, hakuona sababu ya uchunguzi. Alimweleza Bi Desimali, kwa adabu ya mtu anayepotezewa muda, kwamba amesimamia jaribio hilo kwa miaka ishirini, na kwamba matokeo ya wanafunzi wake hayajawahi kumwaibisha mbele ya mkaguzi yeyote. Makosa ya kupungua alikuwa ameyaona, kwa maana magurudumu hula nguvu kwa msuguano. Lakini binti huyu amezidisha.

"Momenta haizai, Bi Mpelelezi," alisema akigonga karatasi ya tano kwa kidole. "Ikionekana imeongezeka kwenye karatasi, basi ameiongeza mwenye kalamu."

"Wakati wa mtihani, palitokea lolote lisilo la kawaida?"

Mhadhiri akafikiri. Akasema hapana. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli chini ya koti lile, akasema kwamba binti huyo alinyoosha mkono akaomba mizani. Alimjibu kuwa karatasi ya mtihani inaagiza kutumia uzito ulioandikwa ubavuni mwa kila kigari, gramu mia tano na mia tano, basi asome namba na kuendelea.

Bi Desimali akaandika hilo kwenye daftari lake, na muda, na akapiga mstari chini yake.

Binti alipoitwa aliingia akiwa amenyoosha mgongo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, sare imefifia lakini safi, macho makavu. Aliamkia, akaitikiwa, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa akae.

"Hizi namba umezibuni?"

"Hapana, mama."

"Ulijua jibu linalotakiwa?"

"Nalijua tangu kidato cha pili. Kabla na baada ziwe sawa."

"Sasa mbona hukuandika hivyo, ukaenda zako nyumbani?"

"Saa haikusema hivyo."

Mhadhiri akakohoa. Bi Desimali hakugeuka. Alimwuliza binti alirudia jaribio mara ngapi, naye akajibu mara kumi, ingawa mtihani ulidai tano tu. Alipoona namba zinakataa alihofia kuwa amekosea kusukuma, akarudia. Zilipokataa tena, akabadilisha vigari, cha buluu kikawa ndicho kinachogonga na chekundu kikawa ndicho kinachogongwa. Hapo zikakataa kwa namna nyingine. Muda ukaisha. Akaandika alichokiona.

"Wenzangu wananiambia niombe radhi, nipewe mtihani wa marudio," aliongeza. "Wanasema kiburi kitanimaliza. Lakini nikiomba radhi nitakuwa nimesema niliandika uongo, na sikuandika."

Bi Desimali akamruhusu akasubiri ukumbini.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuipima reli. Ikiwa imeinama, hata kidogo, kigari kinachoteremka huongeza kasi kwa mteremko, na mwanafunzi asiye na hatia huonekana mchawi. Mhadhiri mwenyewe alilikubali wazo hilo haraka. Kosa la reli lingekuwa la fundi seremala, wala si la mtu yeyote aliyekuwa chumbani. Bi Desimali akatoa mkobani pima maji, akaiweka mwanzo wa reli, katikati na mwisho. Tone la hewa likakaa katikati kila mara, limetulia kama jicho la samaki. Hakuridhika. Akasukuma kigari cha buluu peke yake, kisigonge kitu. Jicho la kwanza likasoma sentimita arobaini kwa sekunde, la pili thelathini na tisa nukta tisa.

"Reli imenyooka," alisema. "Na saa ina akili timamu."

"Basi tumerudi kwa binti," alisema mhadhiri.

"Bado hatujaondoka popote."

Akavuta kiti, akaisoma karatasi ya tano kwa mara ya nne, safari hii akiweka rula chini ya kila mstari. Majaribio matano ya kwanza, kigari chekundu kikigonga: momenta imezidi, na kila mara imezidi kwa kiasi kinacholingana, karibu sehemu tisa katika mia. Matano ya mwisho, kigari chekundu kikigongwa: momenta imepungua, nayo kwa sehemu tisa na ushei katika mia. Yote kumi yalianzia upande wa dirishani.

Rula ikasimama.

Mtu anayebuni namba, aliwaza, huzibuni ili zipite. Hizi hazikupita, na hata kutopita kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Chekundu kikitangulia, ziada. Chekundu kikingoja, upungufu. Kosa lilikuwa likimfuata mtu mmoja popote anapokaa, na mtu huyo hakuwa binti.

"Nani anayetunza vifaa hivi?" aliuliza.

Mhadhiri akajibu kuwa ni mtunza maabara, mama mmoja ambaye wanafunzi humwita Mama Funguo kwa sababu ya mlio unaomtangulia anapotembea. Kisha akasita, akasema, kana kwamba anatoa siri ya aibu, kwamba mama huyo ndiye mzazi wa mtuhumiwa. Ndiyo maana hakuna aliyemhoji. Ushahidi wake usingekuwa na uzito.

"Uzito ndio hasa ninaoutafuta," alisema Bi Desimali. "Mwite."

Mlio wa funguo ulifika kwanza. Nyuma yake akaingia mwanamke mfupi, mnene kiasi, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara, mikono imejaa makovu madogo ya bisibisi. Alisalimia, akasimama kando ya kabati lake kama askari kando ya ghala. Bi Desimali akamsogezea kiti.

"Karibu dada, keti. Nimeambiwa wewe ndiye daktari wa vifaa hivi."

Mama Funguo alicheka kidogo, mkono mdomoni, asiketi. Udaktari ni mwingi, alisema, yeye ni mkunga tu. Lakini alipoulizwa kuhusu vigari, uso ulimchangamka. Kigari chekundu, alisema, kilikuwa maiti. Mwezi uliotangulia mtihani mwanafunzi mmoja alikiangusha, tumbo likapasuka, magurudumu yakatawanyika kila moja na njia yake. Ofisi ilisema kitupwe. Yeye alikiokota kwenye pipa, akakipeleka kwenye meza yake, akakilaza siku tatu.

"Sasa kinakimbia kuliko kilivyozaliwa," alisema. "Mpaka leo hakuna aliyekitambua kuwa ndicho kilichovunjika. Mwalimu, wewe ulijua?"

Mhadhiri alikiri kuwa hakujua.

"Ulikitengeneza kwa kutumia nini?" aliuliza Bi Desimali. Sauti yake haikubadilika, lakini kalamu ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Badala ya kujibu, Mama Funguo alifungua kabati, akatoa daftari lililofunikwa gazeti, akalitandaza mezani. Kurasa zilikuwa zimejaa mwandiko mkubwa wa herufi zilizosimama mojamoja, kila moja imekamilika kabla ya ijayo kuanza. Alieleza, macho yakiwa kwenye ukurasa, kwamba alijifunza kuandika ukubwani, miaka minne ya jioni katika darasa la kisomo, na kwamba tangu alipoweza hakuna msumari uliopigwa katika maabara hii bila kuandikwa. Kidole chake kikashuka hadi mstari aliokuwa akiutafuta, naye akausoma kwa sauti, polepole, kwa fahari ya mtu anayesoma jina la mwanawe gazetini.

"Kigari chekundu. Bamba la chuma chini ya tumbo, moja. Skrubu ndefu, nne. Kimepona."

 Mhadhiri alishika ukingo wa meza.

"Bamba la chuma," alisema Bi Desimali. "Kisha?"

Kisha, alisema Mama Funguo, wiki moja kabla ya mtihani mwalimu alimwagiza aburudishe maandishi yote yaliyofifia kwenye vifaa, kama yalivyokuwa, asibadilishe hata nukta. Alifanya hivyo. Kwenye kisomo mwalimu wao alikuwa akiwaandikia herufi kwa penseli hafifu, nao wanapita juu yake kwa wino, na asiyetoka nje ya mstari ndiye anayesifiwa. Yeye alikuwa hatoki. Kwa hiyo alichukua brashi nyembamba na rangi nyeupe, akapita juu ya namba za zamani. Mia tano. Hata mkia wa ile tano, uliokuwa umepinda, aliufuata ulivyopinda.

Bi Desimali alikigeuza kigari chekundu juu chini. Bamba lilikuwa pale, limepakwa rangi nyekundu likafanana na tumbo lenyewe, kazi safi isiyo na kovu. Ubavuni, mia tano ilimetameta.

"Nipatie mizani, dada."

Funguo zikalia. Mizani ikatolewa, ikasawazishwa, kigari cha buluu kikatangulia: gramu mia tano. Kisha chekundu. Mshale ukapanda, ukapita mia tano, ukayumba, ukatulia.

Mia sita.

Mama Funguo aliitazama mizani, akaitazama karatasi ya bintiye, akaitazama brashi iliyokuwa ndani ya kopo juu ya kabati. Haikumchukua muda. Akaketi, ingawa alikuwa amekataa kiti tangu mwanzo.

"Nimemfukuzisha mimi," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Hujamfukuzisha bado. Ni saa sita na dakika ishirini. Hukumwambia nyumbani kuwa ulikitengeneza?"

Nyumbani hawazungumzi maabara, alijibu. Siku binti alipopata nafasi hapa chuoni walikubaliana hivyo, ili asije mtu akasema mama amemvujishia. Mezani wanazungumza bei ya sabuni na majirani. Alisema hivyo huku kidevu kikiinuka tena, kidogo.

Bi Desimali akachukua karatasi nyeupe. Alimwomba mhadhiri aandike yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asije akasema baadaye kuwa amepikiwa hesabu. Jaribio la kwanza la binti: chekundu kinagonga kwa kasi ya arobaini, vikishikana, vinakwenda kwa ishirini na moja nukta saba. Kwa namba ya rangi, momenta ya kabla ni elfu ishirini na ya baada elfu ishirini na moja na mia saba. Huo ndio uchawi wenyewe. Sasa kwa namba ya mizani: mia sita mara arobaini, elfu ishirini na nne. Elfu moja na mia moja mara ishirini na moja nukta saba, elfu ishirini na tatu, mia nane na sabini.

"Pungufu ya mia moja na thelathini," alisema mhadhiri polepole. "Huo ni msuguano."

"Sasa la sita. Buluu kinagonga kwa arobaini, vinaondoka pamoja kwa kumi na nane nukta moja."

Alizidisha. Elfu ishirini kabla. Baada, elfu kumi na tisa, mia tisa na kumi. Akafanya la pili, la tatu, akayamaliza yote kumi bila kuambiwa. Hakuna lililopishana zaidi ya sehemu moja katika mia. Alipoweka kalamu, shati lake lilikuwa limelowa chini ya lile koti.

"Katika miaka ishirini," alisema, "sijapata kuona jedwali safi namna hii."

"Ndiyo. Na sasa tuna shida ya watu wanne."

Hakuwa na haja ya kufafanua, lakini alifafanua, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Watahiniwa wengine wanne walitumia kigari hiki hiki, siku hiyo hiyo. Wote waliandika kuwa chekundu kilikwenda kwa arobaini na vikaondoka pamoja kwa kumi na tisa nukta tisa, au ishirini kamili. Hayo ndiyo majibu ya kigari cha gramu mia tano. Kigari cha gramu mia sita hakiwezi kuyatoa, hata ukikibembeleza.

Aliitwa yule aliyepata alama za juu kuliko wote, kijana mtanashati ambaye darasa lilimwita Kinara. Aliingia akitabasamu. Bi Desimali hakumshutumu kwa lolote. Alimpongeza kwa jedwali lake, akamwomba arudie jaribio moja tu, wakubwa wafurahi.

Kinara alisukuma. Vigari vikashikana kwa mlio mdogo. Saa ikasoma arobaini, kisha ishirini na moja nukta saba.

"Rudia," alisema Bi Desimali. "Huenda mkono uliteleza."

Akarudia. Ishirini na moja nukta nane. Tabasamu likaanza kutafuta pa kujificha.

"Kijana, zile ishirini zako ulizipata wapi?"

Alimtazama mhadhiri, hakupata msaada. Kisha akasema, kwa sauti iliyoshuka, kwamba kuna daftari. Kila darasa linapomaliza huwarithisha wanaofuata daftari lenye namba za kila jaribio, na wanaofuata huzichezea kidogo mkiani zisifanane. Lilianza zamani, hajui miaka mingapi. Vigari walivisukuma mara moja au mbili kwa ajili ya macho ya msimamizi.

"Na mwenzenu wa tano, naye mlimpa?"

"Tulimpa. Akasema ana mikono yake."

Mama Funguo, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akakiinua.

Kinara akatoka. Mhadhiri alikwenda dirishani, akarudi. Miaka ishirini ya matokeo yasiyomwaibisha ilikuwa imebadilika sura mbele yake ndani ya asubuhi moja, na Bi Desimali alimwachia nafasi ya kuitazama. Hatimaye alisema kwamba agizo la kuburudisha namba bila kupima lilikuwa lake, na kwamba ni yeye aliyemnyima mizani binti aliyeiomba. Atayasema yote mawili kikaoni. Kuhusu ushahidi wa mtunza maabara, yuko radhi kumsaidia. Atamwandikia maelezo, naye atie dole gumba.

"Ahsante, mwalimu," alisema Mama Funguo. "Nitaandika mwenyewe."

"Kikao ni saa tisa, mama. Na mkataba wako unaisha mwezi ujao. Maneno haya yanahitaji kupangwa."

"Nitayapanga."

Alianza saa saba na nusu. Saa tisa ilipogonga, mkuu wa chuo na wajumbe wake wakiwa wameketi, alikuwa kwenye ukurasa wa pili. Mkuu aliuliza wanangoja nini. Bi Desimali akajibu kuwa wanangoja ushahidi, na kwamba ushahidi unaandikwa herufi kwa herufi. Wakangoja dakika ishirini na sita, alizihesabu.

Yalisomwa yote. Yalieleza bamba, skrubu nne, brashi, na namba aliyoifuata bila kutoka nje ya mstari. Mwisho wake uliandikwa hivi: "Namba ya ubavuni niliiandika mimi, na ni ya uongo, ingawa sikujua. Namba za kwenye karatasi ziliandikwa na binti yangu, na ni za kweli, ingawa hazikumfaa. Msimuadhibu kwa mwandiko wangu." Chini yake kulikuwa na jina lake kamili, majina matatu, hakuna lililofupishwa.

Barua ya kufukuzwa ilichanwa na mkuu mwenyewe. Watahiniwa wanne waliamriwa kurudia mtihani, na daftari la urithi kuletwa ofisini kabla ya jua kuchwa. Kuhusu mtunza maabara, mjumbe mmoja alianza kusema juu ya uzembe. Mhadhiri alisimama, akasema kwamba katika chuo kizima hiki ni mtu mmoja tu anayeandika alichokitenda siku aliyokitenda, na kwamba kama mkataba huo hautaongezwa, basi wa kwake pia usiongezwe. Mjumbe akaketi. Mkuu akaandika kuwa utaongezwa.

Waliporudi maabara, binti alikuwa akimngoja mama yake mlangoni. Hawakukumbatiana, walikuwa kazini. Mama alichukua kitambaa chenye spiriti, akaifuta ile mia tano mpaka ubavu ukabaki mwekundu mtupu. Akakirudisha kigari kwenye mizani na kumwita binti asome mshale. Binti akasoma. Akamwita mhadhiri asome. Naye akasoma. Bi Desimali, bila kuitwa, akasogea na miwani yake akasoma pia.

Hapo ndipo Mama Funguo alipochovya brashi. Safari hii hapakuwa na mstari wa kuufuata. Aliandika sita, kwa tumbo la mviringo, kisha sifuri mbili zilizosimama bega kwa bega, akapuliza mara moja na kurudi nyuma hatua moja kuitazama.

"Asiguse mtu mpaka ikauke," alisema.

Hakuna aliyegusa.